Gofu: Mchezo wa Matajiri, Riziki ya Wabeba Mikoba

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani na kuingia upande wetu wa bara, mapema au baadaye utapita katika barabara iitwayo Links Road. Wengi wetu hulitaja jina hilo kila siku ndani ya matatu bila kujiuliza lina maana gani. Ni neno la kale la Waskoti. Ndivyo walivyoita ardhi ya mchanga na nyasi iliyo baina ya bahari na mashamba, isiyofaa kulimwa, ambayo wao waliigeuza kuwa uwanja wa kupigia kijipira kwa fimbo. Basi barabara yetu imebeba jina la mchezo, na mchezo wenyewe uko hapo hapo: uwanja wa gofu wa Nyali, mashimo 18, nyasi zake zimekatwa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa kwa sikukuu.

Kabla ya uchaguzi wa 2013 Nyali na Kisauni zilikuwa jimbo moja la ubunge. Leo ni mawili katika karatasi, lakini kwa miguu ni mji mmoja. Kijana wa Kongowea, wa Mlaleo au wa Bombolulu akisha kusali alfajiri aweza kufika uwanjani kabla jua halijachomoza. Na wapo wafikao. Hawaendi kucheza. Wanakwenda kubeba mikoba ya wanaocheza.

Mimi nimeishi Kisauni miaka mingi, na swali hili nimelisikia barazani si mara moja wala mbili. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mjukuu wake alikuwa ameanza kwenda huko, aliniuliza kwa uchungu: “Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti, niambie kweli. Mtu aweza kulisha watoto kwa kupiga kijipira?”

Swali la mzee ni zito kuliko linavyoonekana, na halijibiwi kwa ndiyo wala kwa la. Kwa hivyo nimeonelea nilieleze hapa, ndugu msomaji, maana si mjukuu mmoja tu aliyeko njiani.

WABEBA MIKOBA

Mbeba mkoba huitwa kedi. Mkoba anaoubeba waweza kuwa na fimbo zisizozidi 14, kwani sheria ya mchezo hairuhusu zaidi, na kila fimbo ina kazi yake: hii ya kupeleka mpira mbali, hii ya kuuinua juu ya mti, hii ya kuutoa mchangani, hii ya kuusukuma taratibu hadi shimoni. Kuzunguka mashimo yote 18 ni mwendo wa saa nne au zaidi juani. Kwa mchezaji ni matembezi. Kwa kedi ni kazi ya hamali.

Lakini hamali wa bandarini hapaswi kujua kilichomo ndani ya gunia. Kedi sharti ajue kila kitu. Ataulizwa, “Toka hapa hadi bendera ni mita ngapi?” na akikosea, lawama ni zake. Ataulizwa upepo unavuma wapi. Hapo ndipo kijana wa pwani ana elimu ambayo haikuandikwa vitabuni, maana amekulia kati ya kusi na kaskazi kama nahodha. Anajua kwamba mpira uliopigwa juu wakati wa kusi hauendi ulikotumwa. Anajua nyasi zilizolowa umande wa asubuhi huuzuia mpira, na nyasi hizo hizo saa saba mchana huuteremsha kama sahani ya kaure.

Malipo yake ni ya kila mzunguko. Akipata mchezaji, amepata. Mvua ikinyesha kutwa, au wageni wakipungua mjini, hurudi nyumbani mikono mitupu. Huo ndio ukweli wa kwanza ambao mzee wangu lazima aambiwe.

Ukweli wa pili ni kwamba mkoba huo ni chuo. Kijana aliyebeba mkoba miaka mitano amekwisha kuona mapigo mazuri na mabaya maelfu kwa maelfu. Amejifunza bila ada. Zipo klabu ambazo huwapa makedi nafasi ya kucheza siku uwanja usipokuwa na watu wengi, na hapo utaona maajabu: kijana mwenye fimbo mbili za kuazima na ndara miguuni, akimshinda bwana mwenye mkoba mzima wa fimbo mpya. Katika nchi nyingi wachezaji wakubwa wa gofu wametoka katika chuo hiki hiki.

KIJANA WA UFUKWENI

Chukua mfano wa Severiano Ballesteros. Alizaliwa 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Hispania, katika nyumba ya wakulima. Kijijini kulikuwa na uwanja wa gofu wa watu wenye uwezo, na watoto wa kijiji waliingia kama makedi. Kaka yake alimpa kichwa cha fimbo kuukuu, fimbo moja tu, na kwa kuwa uwanjani hakuruhusiwa kucheza, yule mtoto alikwenda zake ufukweni. Huko alipiga vijiwe na mipira juu ya mchanga uliolowa, asubuhi na jioni, kwa fimbo ile ile moja. Kwa kukosa fimbo nyingine alijifunza kuilazimisha hiyo hiyo ifanye kazi ya zote.

Akiwa na miaka 16, mwaka 1974, akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1978 alikuja Kenya akashinda mashindano ya Kenya Open katika uwanja wa Muthaiga, Nairobi. Mwaka uliofuata alishinda mashindano makubwa ya wazi ya Uingereza, na 1980 akawa mtu wa kwanza kutoka bara la Ulaya kuvikwa koti la kijani la Augusta, Marekani. Alipofariki 2011 Hispania nzima ilimlilia.

Wakati huo mzunguko wa mashindano ya Afrika, kuanzia Nigeria na Zambia hadi Kenya, ulikuwa chuo cha wachezaji vijana wa Ulaya. Walikuja huku miezi ya baridi kwao, wakapata mazoezi na fedha. Ian Woosnam wa Wales alishinda Kenya Open 1986, akaja kushinda Augusta 1991. Wageni walifanya viwanja vyetu ngazi ya kupandia. Swali linalobaki ni kwa nini wenyeji waliowabebea mikoba hawakupanda ngazi hiyo hiyo.

Kipaji peke yake hakitoshi. Shahidi wangu wa jambo hili ni mtu wa bahari hii hii yetu ya Hindi, mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Durban.

PAPWA WA DURBAN

Jina lake ni Sewsunker Sewgolum, lakini watu walimwita Papwa. Alizaliwa katika umaskini, hakupata kusoma, akakulia katika kubeba mikoba kwenye uwanja wa Beachwood, Durban. Hakufundishwa na mtu, ndiyo maana aliishika fimbo kinyume na dunia nzima: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu. Walimu wote wa gofu wangemwambia kwamba kwa mshiko huo hataweza. Yeye aliweza.

Mfanyabiashara mmoja wa Durban, Graham Wulff, alikiona kipaji hicho akampeleka Ulaya 1959. Mwaka huo huo Papwa alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Akayashinda tena 1960, na mara ya tatu 1964. Mtu asiyejua kusoma jina lake alilisikia likisomwa na wengine kwa heshima.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Ule ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Mwaka 1963 aliruhusiwa kushindana na Wazungu katika mashindano ya Natal Open, Durban, na akawashinda. Lakini sheria za nchi hazikumruhusu kuingia katika jumba la klabu. Mvua ilikuwa inanyesha. Wenzake aliowashinda walikuwa ndani, pakavu; yeye, mshindi, alipewa kikombe chake nje, mvuani. Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia.

Mwaka 1965 alishinda tena Natal Open, na safari hii aliyemwacha nyuma alikuwa Gary Player, bingwa aliyekuwa akitajwa kila mahali. Pengine hilo ndilo lililomponza. Serikali ikamfungia njia: mashindano ya nyumbani akazuiwa, hati ya kusafiria akanyang'anywa. Papwa alifariki 1978 akiwa maskini, mwaka ule ule ambao Ballesteros alishinda Nairobi. Leo uko uwanja wa gofu huko Durban uitwao kwa jina lake. Heshima imekuja, mwenyewe hayupo.

Nimemtaja Papwa kwa makusudi. Nasi wakati wa ukoloni klabu kubwa za Kenya zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia uwanjani na mzigo begani au na mashine ya kukatia nyasi. Uhuru ulifungua milango hiyo, na leo hakuna sheria ya rangi. Lakini ukuta wa Papwa haukuondoka wote. Ulibadilika ukawa ukuta wa gharama.

MUISLAMU WA CAIRO

Kabla sijafika kwenye gharama, namjibu kwanza msomaji atakayesema kwamba mchezo huu si wetu Waislamu. Hassan Hassanein wa Misri, aliyezaliwa 1916, alikuwa Muislamu na Mwafrika, naye alianzia chini kwa kubeba mikoba ya wageni. Mwaka 1949 alishinda mashindano ya wazi ya Italia. Mwaka 1951 alishinda ya Ufaransa. Ya kwao Misri aliyashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1949 hadi 1952. Aliaga dunia 1957, bado ana nguvu zake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na huko Morocco, Mfalme Hassan wa Pili, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa gofu, alianzisha mashindano yake 1971. Mshindi hapewi kikombe. Hupewa jambia lililopambwa kwa vito. Watu wa Mombasa, ambao tunajua heshima ya jambia kiunoni mwa bwana harusi, tutaelewa zawadi hiyo bila kufasiriwa. Nao jamaa zetu walioko Dubai wameuona uwanja wa nyasi uliofunguliwa jangwani 1988, na tangu 1989 mabingwa wa dunia huja kushindana hapo. Gofu imekwisha kuingia katika nchi za Kiislamu kwa mlango wa mbele.

HESABU YA MCHEZAJI WA KULIPWA

Sasa tufungue daftari.

Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kupenda. Mchezaji wa kulipwa ametangaza kwamba gofu ni kazi yake. Akisha kutangaza, hana ruhusa tena ya kushindana na wachezaji wa ridhaa katika vikombe vyao vya klabu. Ni kama Tariq bin Ziyad anayesimuliwa kwamba aliyachoma majahazi yake: mbele ni vita, nyuma ni bahari.

Wako wa namna mbili. Wa kwanza hukaa klabuni akafundisha wanachama, akauza na kutengeneza fimbo. Huyu hana jina kubwa, lakini ana mapato ya kila mwezi. Wa pili huishi kwa mashindano, na huyu ndiye mwenye maisha ya mvuvi: leo samaki, kesho maji.

Mashindano makubwa huchezwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, mashimo 18 kila siku. Hesabu ni moja tu, idadi ya mapigo, na aliyepiga machache ndiye mshindi. Baada ya siku ya pili, yaani Ijumaa jioni, hupita mchujo. Katika mashindano ya kiwango cha Ulaya hubaki watu 65 wa kwanza, pamoja na waliolingana na wa 65. Wengine wote hufunga mizigo. Hawapewi hata senti.

Hebu fikiri. Wameanza wachezaji 150. Kijana wetu amekuwa wa 70, na waliolingana na wa 65 hawakumfikia. Amewashinda watu 80, baadhi yao majina makubwa, na anarudi nyumbani bila kitu. Amekwisha kulipa nauli ya kwenda Nairobi, malazi, chakula, kiingilio cha mashindano, mipira, na mshahara wa kedi wake. Ndiyo, naye ana kedi, tena yawezekana ni kijana wa mtaa mmoja naye. Kati ya aliyebaki na aliyetoka tofauti yaweza kuwa pigo moja: kijipira kilichozunguka mdomo wa shimo kikakataa kuingia.

Walioko juu wanakula vizuri, hilo hatulifichi. Kenya Open, iliyoanza 1967, ilipandishwa 2019 ikawa miongoni mwa mashindano ya daraja la kwanza la Ulaya, na mwaka huo fungu la zawadi lilikuwa yuro 1,100,000. Mshindi wa mashindano kama hayo huchukua takriban moja ya sita ya fungu zima. Fedha hiyo ni ya kununua nyumba. Lakini tangu 1967 hadi mashindano ya 2025, hakuna Mkenya hata mmoja aliyekitwaa kikombe hicho. Aliyekaribia kabisa ni Jacob Okello, ambaye 1998 alimaliza wa pili nyuma ya Ricardo González wa Argentina.

Si kwamba hatuna watu. Dismas Indiza wa Mumias, sehemu za miwa, amekuwa akitajwa miaka mingi miongoni mwa wachezaji hodari wa nchi hii. Rose Naliaka alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa mchezaji wa kulipwa, kisha akawa mwalimu wa watoto. Tatizo ni kwamba mgeni aliyekuja kushindana Nairobi amekwisha kucheza wiki nyingi za mashindano kabla hajashuka ndege. Ana mwalimu, ana daktari wa viungo, ana mfadhili wa kumlipia tiketi. Mwenyeji wetu mara nyingi ametoka kufundisha wanachama ili apate kiingilio.

Kwa kijana wa Kisauni kuna na tatizo la ziada, ambalo ni la maumbile. Nyali iko sawa na bahari. Muthaiga iko juu, karibu mita 1,700, na hewa ya huko ni nyepesi. Mpira hauzuiwi sana, huenda mbali zaidi. Fimbo iliyokuwa ikimpa mita 140 nyumbani yaweza kumpa mita 150 Nairobi, na mita kumi katika gofu ni baina ya kukaribia shimo na kuangukia majini. Elimu yake yote ya vipimo, aliyoichuma kwa miaka ya kubeba mikoba, inabidi aifunue upya kwa siku mbili tatu. Mwenye fedha huenda mapema akazoea. Asiyekuwa nazo hufika usiku wa kuamkia mashindano.

AMANA YA MAPIGO

Pamoja na hayo liko jambo katika gofu ambalo limenivuta kuliko vikombe, na ambalo naamini wazazi wetu wangelipenda kama wangelijua.

Katika kandanda mchezaji akiugusa mpira kwa mkono huangalia kama refa ameona. Katika gofu hakuna refa anayekufuata. Uko peke yako nyuma ya kichaka, mpira umesogea kidogo kwa kosa lako, hakuna jicho la mtu lililoona. Sheria inakutaka ujihesabie pigo la adhabu wewe mwenyewe, useme mbele ya wenzako. Mwisho wa siku unatia sahihi kwenye kadi, na sahihi hiyo ndiyo kauli ya mwisho.

Mwaka 1968, huko Augusta, Roberto De Vicenzo wa Argentina alimaliza sawa na Mmarekani Bob Goalby. Ilikuwa siku aliyotimiza miaka 45. Ilibaki wachezeane tena ili apatikane bingwa. Lakini mwenziwe aliyekuwa akimwandikia mapigo alikuwa amekosea, akaandika manne kwenye shimo la 17 badala ya matatu. De Vicenzo hakulisoma kosa hilo, akatia sahihi. Sheria ikasema: kilichotiwa sahihi ndicho. Pigo moja lisilopigwa likamkosesha ubingwa. Dunia nzima ilikuwa imeona kwenye televisheni kwamba alipiga matatu, na haikusaidia kitu. Yule bwana hakumlaumu aliyeandika. Alijilaumu nafsi yake kwa kutosoma.

Sisi tuliofundishwa chuoni tangu utotoni kwamba kila tendo laandikwa, na kwamba mtu atahojiwa kwa kile alichokifanya pasipo mashahidi, hatuhitaji kuelezewa sana. Mchezo unaomfundisha kijana kusema kweli dhidi ya nafsi yake si mchezo wa kudharauliwa.

MAMBO YA KUTAHADHARI

Ni wajibu wangu pia kuyataja yale yanayowakera wazazi, maana yapo.

La kwanza ni kamari. Wako wachezaji wanaowekeana fedha uwanjani: kila mmoja hutoa chake, mshindi hukomba chote. Hilo halihitaji sheikh mkubwa kulitambua. Zawadi inayotolewa na mfadhili asiyecheza ni jambo lingine, na hukumu yake, pamoja na ile ya kiingilio anachotoa mchezaji, kijana awaulize wanavyuoni kabla hajaanza, si baada ya kushinda.

La pili ni pombe. Baa haikosekani katika klabu nyingi, na kampuni za pombe zimekuwa miongoni mwa wafadhili wa mchezo huu. Mchezaji wa kulipwa huambiwa avae nembo ya mfadhili kifuani na kwenye kofia. Kijana wa Kiislamu atafikishwa siku moja mbele ya karatasi ya mkataba, na humo mtakuwa na nauli yake ya mwaka mzima. Lazima awe amekwisha kuamua jibu lake kabla ya siku hiyo, maana njaa ni mshauri mbaya.

La tatu ni ibada. Siku ya mchujo ni Ijumaa. Saa ya kuanza kucheza haichagui yeye, hupangiwa. Nayo Ramadhani, anayefunga hubeba mkoba au hucheza saa nne juani bila tone la maji, na huku riziki ya siku iko mle mle. Nimewaona makedi wanaoomba zamu ya asubuhi mapema mwezi huo, wakarudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Hayo hayamzuii mtu kazi, kama ambavyo hayakuwazuia mabaharia wala makuli, lakini yanataka mpango.

NDIYO AU LA

Basi, je, mtu aweza kulisha watoto kwa kupiga kijipira? Aweza. Wako wanaofanya hivyo, na wengi wao ni wale wasioandikwa magazetini: walimu wa gofu, watengenezaji fimbo, wasimamizi wa viwanja. Wachache mno hufanya hivyo kwa vikombe. Anayemtuma mjukuu wake uwanjani akitumaini Ballesteros amemtuma kwenye bahati nasibu. Anayemtuma akajifunze kazi, ana haki ya kutumaini.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa wazee wa Kisauni ni huu. Mtoto asiache shule kwa sababu ya mkoba. De Vicenzo aliponzwa na kadi asiyoisoma. Je, asiyejua kusoma kabisa? Mkataba, kiingilio, hati ya kusafiria, vyote ni karatasi. Papwa alihitaji mtu wa kumshika mkono kila alipokutana na karatasi, na hakumpata kila siku. Pili, awekewe muda. Kijana aseme: nitajaribu mashindano miaka kadhaa, na huku najifunza kufundisha. Muda ukisha, ahesabu mapigo yake kwa uaminifu ule ule wa uwanjani.

Na kwa klabu zetu, ya Nyali na ile kongwe ya kisiwani yenye mashimo tisa, iliyoanzishwa 1911, nasema kwa adabu: watoto wa majirani zenu wamewabebea mikoba vizazi kwa vizazi. Wanajua kila mwinuko wa nyasi zenu. Siku moja ya wiki, fimbo chache zilizochakaa na mwalimu mmoja havitawafilisi. Wafadhili nao, ambao hutoa mamilioni wageni wanapokuja, wangemlipia kijana mmoja wa pwani nauli na wiki moja ya kuizoea hewa ya Nairobi kabla ya mashindano. Huenda kikombe ambacho hakijapata kubaki nchini tangu 1967 kikashuka siku moja na gari la moshi hadi Mombasa.

Kwa kijana mwenyewe sina mengi. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika gofu hata bingwa wa dunia, akisha kulitia pigo la mwisho, watu wakimpigia makofi, hana budi kupinda mgongo wake mwenyewe kuutoa mpira shimoni.